Mkamwana wa Mochwari

Mzee Anyelwisye alikata roho asubuhi, mvua ya masika ikiwa imepumzika kidogo na jua la Kyela limeanza kuchoma. Wanawake walikuwa bado kwenye yowe la kwanza simu ya mwanawe Gwamaka ilipoita. Alikuwa kaka yake, Ezroni, anayefanya kazi mgodini Solwezi, Zambia.

"Msimzike," Ezroni alisema. "Gwamaka, unanisikia? Mimi ndiye mkubwa. Nataka nimwone baba uso. Nikifika nikakuta kaburi sitawaelewa."

"Utafika lini, kaka?"

"Natoka sasa hivi. Wanasema barabara ya Tukuyu imefungwa, nitazungukia Malawi, nitokee Karonga mpaka Kasumulu. Kesho kutwa mchana, Mungu akipenda."

Gwamaka akasema sawa. Angesema nini kingine? Pale kijijini kwao Talatala baba hazikwi mpaka mtoto mkubwa atupe udongo wake, na hilo halina ubishi. Ubishi wote ulikuwa na jua. Mzee alikufa kwa ugonjwa wa moyo uliomjaza maji miguuni na tumboni, na mwili wa namna hiyo, kwa joto la Kyela, haumngoji mtu. Friji la mochwari ya hospitali ya misheni lilikufa tangu Krismasi, na uongozi kila ukiulizwa unajibu kwamba fundi yuko njiani. Kumpandisha Tukuyu kwenye friji zima haikuwezekana, kwa kuwa kifusi kilikuwa kimeshuka barabarani huko juu milimani na magari yamelala pande zote mbili.

Ilibaki dawa. Tangu friji life, maiti wa hospitali walikuwa wakichomwa fomalini kwenye mshipa, na walikaa siku nne, hata tano, wakiwangoja ndugu zao. Na mtu aliyejua kuichoma hiyo dawa alikuwa palepale msibani, nyuma ya jiko la marehemu, anapasua kuni. Alikuwa Hellen, mke wa Gwamaka.

Hellen aliingia mochwari kama mfanya usafi, akawa mwoshaji, kisha mkaribishaji wa ndugu mlangoni, yule anayesema "sasa mnaweza kuingia." Halafu ikaja amri kwamba hakuna kugusa dawa bila leseni. Mzee aliyekuwa akichoma dawa tangu enzi za wamisionari alikuwa na darasa la saba tu, akarudishwa kwao Ipinda kulima mpunga, na shukrani alizopewa zilikuwa za mdomo. Hellen alikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye baiolojia na kemia za kujikongoja. Akaambiwa zinatosha. Akaenda chuo Mbeya, akachanjwa homa ya ini, akatafuta barua ya tabia njema kwa mchungaji na nyingine kwa mtendaji wa kijiji, ambaye alimuuliza mbele ya watu kama hiyo kazi nayo inahitaji tabia njema, maana wateja wake hawasemi. Watu wakacheka. Hellen naye akacheka, kwa kuwa barua ilikuwa haijagongwa muhuri.

Baada ya chuo yalifuata mazoezi. Alitakiwa awahudumie maiti kadhaa kwa mkono wake, mwanzo mpaka mwisho, kila mmoja akikaguliwa na kusainiwa na mtu mwenye leseni. Msimamizi wake alikuwa Bwana Jackson wa Mbeya. Kisha usaili, na usaili ulikuwa umekaribia. Hellen alikuwa amebakiza maiti mmoja.

Neno lenyewe, kubakiza maiti, lilimtia aibu. Kwa majuma kadhaa, kila gari la hospitali lilipoingia getini aliinua kichwa, na akijikuta ameinua kichwa anamwomba Mungu msamaha. Ni kazi gani hii inayomfanya mtu amngoje mwenzake afe? Na sasa amekufa mtu wa nyumbani kwake.

Lakini Hellen alikuwa mkamwana, na kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe ni watu wa kukwepana. Tangu aolewe, na mtoto wake Doreen sasa yuko darasa la tano, hakuwahi kumtazama mzee yule usoni. Akimsikia anakuja aliacha njia akaingia shambani. Kanisani alikaa mahali ambapo vichwa vya watu viliwatenganisha. Jina lake hakulitamka. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na mzee naye aliilipa kwa kupita mbali na mlango wake. Akina mama wa Talatala waliwaambia binti zao, mtazameni mke wa Gwamaka, huyo ndiye mkamwana. Akina mama haohao hawakunywa chai iliyochemshwa na Hellen, kwa ajili ya ile mikono yake, lakini kwa heshima walimsifu sana. Ndiyo maana kwenye msiba huu walimpa kazi ya kuni. Kumenya ndizi walimenya wenyewe.

Wanaume walikaa chini ya turubai. Aliyeongoza kikao ni Andongwisye, mdogo wake marehemu, mtu mwenye sauti ndogo anayesikilizwa kuliko wenye sauti kubwa. Naye kwa Hellen alikuwa mkwe, wa kukwepwa vilevile. Hivyo wakubwa wote wa kikao kile walikuwa watu ambao Hellen hakuweza kuwaambia neno, wala wao kumwambia. Alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, na ukuta wa jiko haukuwa mnene.

Daktari Ezra wa hospitali ya misheni alikuja kutoa pole. Alikuwa mtu wa Dodoma, mkarimu, na wa kuropoka kidogo kwa kutojua. Alipoambiwa kwamba wanahangaika namna ya kumtunza mzee mpaka Ezroni afike, alishangaa.

"Mbona mtu yupo," alisema. "Nimeongea na Bwana Jackson. Yeye kifusi kimemzuia, lakini amesema mimi nisimame pale kama shahidi, kazi aifanye huyo mtu wenu, na barabara ikifunguka yeye atakuja kuikagua. Inaruhusiwa. Tena wakati ndio huu, jua halijapanda sana."

"Afanye nani, daktari?" Andongwisye aliuliza, ingawa alijua.

"Si mkwe wenu? Hellen."

Mzee mmoja akaangalia kofia yake. Mwingine akasimama, akajikung'uta suruali isiyo na vumbi, akakaa tena.

"Daktari, ndaga fijo," Andongwisye alisema mwishowe, kwa upole. "Tumeshukuru sana. Wakuletee chai?"

Daktari Ezra akaelewa kwamba amekosea, ila hakuelewa amekosea nini. Akanywa chai yake upesi, akaondoka na pikipiki yake.

Alipokwisha kwenda, Andongwisye alisema alichokuwa nacho. "Mkamwana amvue mkwewe nguo? Amwoshe? Ndugu zangu, hata kama ni maiti. Huyu alikuwa mtu akiona kanga ya mkamwana kwenye kamba anapita njia nyingine. Leo tumlaze uchi mbele yake, na daktari wa Dodoma amesimama anatazama? Tutafute barafu."

Wakatafuta barafu. Waliipata kwa wachuuzi wa samaki waliotoka ziwani, mabonge kwenye magunia, na ilinuka dagaa wa usipa. Wakampanga nayo mzee pande zote, chumbani kwake, madirisha yamefunikwa kanga. Kufika saa sita maji yalikuwa yakipita chini ya mlango, na watoto wakakatazwa kuyakanyaga.

Sasa ni lazima niseme jambo alilolijua Gwamaka peke yake pale msibani. Majuma machache nyuma, miguu ilipoanza kumvimba, baba yake alimwita akamwambia: "Mimi sifiki mbali. Na Ezroni atachelewa, namjua, na njia ni ndefu. Nikifa, mkeo anitunze. Amesomea. Mimi nimemruhusu, na wewe uwaambie hivyo." Gwamaka alijibu kama watoto wengi wanavyojibu, "Baba usiseme hivyo, utapona," akadhani amejibu vizuri. Kumbe alikuwa ameachiwa wosia naye ameutupa kama mtu anayefukuza nzi. Alipowaza kuwaambia watu, aliwaona walevi wa kilabu cha pombe wakimuuliza, Gwamaka, ni kweli mkeo alimshika baba yako? Akawaona wanacheka. Akanyamaza. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini Gwamaka alikuwa akificha uchi wa baba yake, hivyo alijiona yuko upande wa haki.

Hata hivyo moyo ulimsukuma mpaka nyuma ya jiko.

"Umesikia alichosema daktari?" alimuuliza mkewe.

"Nimesikia."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nitaonaje, Baba Doreen? Wa kuona ni ninyi."

"Nasema kama ungeambiwa."

"Nimeambiwa?"

Gwamaka akasukuma maganda ya kuni kwa kidole cha mguu. "Sijasema umeambiwa. Nimeuliza tu."

"Na mimi nauliza. Nani wa kuniambia? Baba mdogo hasemi na mimi. Mama analia. Umebaki wewe."

Hapo ndipo Gwamaka alipopaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, la kusema "nenda" tu. Hellen alilingoja. Angelisikia, angenawa mikono, angefunga kanga, angekwenda hospitali kwa miguu. Kulitamka yeye hakuweza. Mkamwana gani anajitolea kumvua mkwewe nguo? Na tena anapata faida! Aligeuza shoka mkononi akasubiri mumewe aseme.

"Watu watasema unatafuta leseni kwa maiti ya baba yangu," Gwamaka alisema.

Hellen akaweka shoka chini taratibu. "Watu, au wewe?"

"Watu."

"Basi niko hapa. Kuni bado ni nyingi."

Gwamaka akarudi kwenye turubai kifua kikiwa chepesi, jinsi mtu anavyokuwa akishapata sababu ya kutofanya. Hellen alipasua kuni nyingi kuliko msiba ulivyohitaji.

Siku ya pili barafu haikupatikana. Wachuuzi walisema boti hazijatoka kwa sababu ya upepo ziwani, lakini wengine walisema hawataki tena magunia yao yatumike msibani. Harufu ilianza jioni. Wanawake walikaa na majani ya mlimao puani, wakijifanya wanafuta machozi. Waliotoka Katumba Songwe, ambao kwa kawaida hulala msibani, walikumbuka kwamba kwao wameacha mbuzi nje.

Mama Ezroni, mjane, alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba kile, na hakukubali kusogezwa. Hellen alipomletea maji ya kunywa, aliyapokea na kuyanywa yote. Yeye hakuwahi kuiogopa mikono ya Hellen.

"Mwanangu, huko kazini kwenu mnafanyaje, hata wasiwe hivi?"

"Tunawachoma dawa, mama."

"Wanaumia?"

"Hawasikii, mama."

"Mm." Mama Ezroni alimtazama muda mrefu, midomo ikichezacheza. Kisha akajifunika kanga kichwani. Naye hakusema. Alikuwa amekaa kwenye ndoa ile miaka yote akisubiri wanaume waseme kwanza, na siku hiyo alisubiri kama kawaida.

Hellen alikaa naye kidogo, macho chini, ameupa mgongo ule mlango. Alijua kwa harufu peke yake kazi imefika wapi humo ndani. Alijua kwamba asubuhi ya jana ingekuwa kazi nyepesi, kwamba mchana ingekuwa ngumu lakini ingewezekana, na kwamba sasa hata Bwana Jackson angekuja na chupa zake zote angetikisa kichwa. Kujua huko hakukumsaidia mtu yeyote, na yeye kulimuumiza sana.

Asubuhi ya siku ya tatu Andongwisye aliamua. "Tunamzika sasa. Tukingoja mchana tutaizika aibu, si mtu."

Yeye na Gwamaka ndio waliomwingiza kwenye jeneza, wamejifunga vitambaa puani. Jeneza lilitengenezwa kwa kipimo cha siku ya kwanza, likawa dogo. Gwamaka alitoka akaenda kwenye migomba akatapika, na alichokiona hakumwambia mtu. Fundi akapigilia misumari yote, hata ile ya ziada. Hakukuwa na kuaga. Mchungaji, ambaye mahubiri yake ya msiba hujulikana kwa urefu, alisoma mistari michache, akaomba, akarudi nyuma hatua kadhaa. Simu ya Gwamaka ikaita wakati wanashusha kamba. Aliangalia jina, akaizima.

Ezroni alifika mchana, juu ya bodaboda kutoka Kasumulu, suti yake imelowa matope mpaka magotini. Yowe lililompokea lilimwambia kila kitu. Alitembea moja kwa moja mpaka pembeni ya nyumba, akakuta tuta jipya na msalaba ambao rangi yake ilikuwa haijakauka. Akachota udongo mkononi. Kaburi lilikuwa limeshajaa. Akabaki ameushika ule udongo, hajui autupe wapi.

"Udongo wa mkono wangu mlimpa nani autupe?" aliuliza.

"Tuliutupa kwa niaba yako, kaka," Gwamaka alisema.

"Nilisema msimzike."

"Aliharibika, Ezroni," Andongwisye alisema. "Friji bovu, barabara hakuna. Tulijaribu barafu."

Ezroni aligeuka. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu asiyeelewa. "Barafu ya nini? Shemeji hakuwepo?"

Akawageukia waliosimama nyuma.

"Shemeji Hellen. Alisafiri? Alikuwa anaumwa?"

"Yupo," mtu mmoja alisema.

"Yupo?" Ezroni alitazama nyuso moja moja. "Baba alinipigia mwenyewe. Akasema, usiwe na hofu ya njia, mke wa mdogo wako atanitunza mpaka ufike. Akacheka kabisa. Akasema, nimeshamwambia Gwamaka. Mimi huko njiani Chitipa, gari limekwama, nilikuwa nalala usingizi, wakubwa zangu. Nilikuwa najua baba yuko mikononi mwa mtu."

Hellen alikuwa amefika na birika la maji ya kumnawisha mgeni. Alisimama nalo hapohapo. Ezroni alimwona, akasema bila ukali, na ingekuwa heri angesema kwa ukali:

"Aliniambia alikuja mwenyewe kwako kukuomba, shemeji. Ukakimbia."

Hellen akaikumbuka siku ile. Ilikuwa Jumamosi, yuko peke yake nyumbani, wali uko jikoni. Alisikia hatua za mzee zinakuja, zikasimama uani, hazikupita kama kawaida. Alitoka mlango wa nyuma akaingia kwenye kakao, akachuchumaa mpaka goti likamfa ganzi. Wali ukaungua. Jioni aliwasimulia wenzake kisimani wakamsifu sana, maana mwingine angejali wali. Mzee mgonjwa wa moyo alikuwa amepanda kilima kile kidogo kwa miguu iliyovimba, amevunja mwiko wa maisha yake yote ili aseme neno moja, na mkamwana wake mwema akamwachia ua mtupu.

Aliweka birika chini akamtazama mumewe.

"Ulijua?"

Gwamaka alitazama udongo uliokuwa mkononi mwa kaka yake. "Nilijua."

Andongwisye alisimama akaenda peke yake kwenye migomba, mzee mzima. Mama Ezroni alianza kulia upya, sasa kwa sauti nyingine. Watu wa msibani, ambao hupenda sana kusikia, walianza kuaga mmojammoja kwa sababu walikuwa wamesikia mno.

Baada ya matanga Ezroni alirudi Zambia. Hakugombana na mtu. Aliacha suti yake yenye matope ikiwa imekunjwa kitandani kwa mama yake, akasema haitaki.

Hellen na Gwamaka walikaa siku nyingi wakisemeshana mambo ya chumvi na ada ya shule. Ilikuwa Jumapili moja, wanaanika kakao uani, Hellen alipolisema.

"Ungeniambia neno moja tu."

"Niliona aibu."

"Aibu hiyo unanieleza mimi? Mimi ambaye nikinunua nyanya naambiwa weka hela hapo chini, usinipe mkononi? Nimeila hiyo aibu nikakulisha nayo wewe, Baba Doreen. Siku moja nimeihitaji ikae pembeni, umeikumbatia."

Gwamaka alitandaza kakao kwa kiganja, akarudia palepale alipokwisha kutandaza. "Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa na mdomo," Hellen alisema. "Hilo ndilo linaloniua. Nilikuwa na mdomo, na siku ya kwanza asubuhi muda ulikuwepo. Nilichagua nisifiwe." Alilia hapo, bila kujifunika, na Gwamaka hakujua kama anaruhusiwa kumshika, akamwacha.

Maiti wake wa mwisho akaja. Alikuwa bibi wa Katumba Songwe, aliyekuwa na mtoto wake Blantyre. Barabara ilikuwa imefunguka, na Bwana Jackson alisimama pembeni mikono nyuma, hakusema neno mpaka mwisho. Mtoto wa bibi yule alipofika, Hellen alimfungulia mlango mwenyewe. Kijana akainama, akamshika mama yake shavu, akasema, "Amelala." Akamgeukia Hellen akamshukuru kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, akamshika mikono yote miwili. Hellen alitoka nje akaegemea ukuta. Bwana Jackson, aliyemfuata na kalamu, alidhani ni furaha ya kumaliza.

Kwenye usaili Mbeya waliuliza mengi ya dawa na vipimo, akajibu. Kisha mama mmoja mwenye miwani akauliza swali ambalo bila shaka aliwauliza wote.

"Umewahi kukataa kumhudumia maiti? Kwa dini, kabila, undugu, chochote?"

"Ndiyo. Mmoja."

Wakainua vichwa. "Kwa sababu gani?"

"Sikuombwa."

"Sasa hapo ulikataa, au hukuombwa?"

Hellen alifikiri sana. "Nilikataa," alisema.

Mama yule aliandika kitu. Hellen alirudi Kyela akiamini kwamba amejifungia mlango mwenyewe, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imeridhika hivyo. Lakini walimpa. Leseni ilifika mavuno ya mpunga yakiwa yameanza, ina picha yake na muhuri, na hospitali wakampandisha cheo. Mtendaji alimsalimia kwa kumtangulia. Nyanya bado waliuziana kwa kuweka hela chini.

Jioni moja walikuwa watatu barazani, Hellen, Gwamaka na Doreen, simu ya Ezroni ilipoingia. Gwamaka alikuwa amempelekea ujumbe kuhusu leseni, kwa woga, kama mtu anayepeleka jogoo kwa aliyemkosea. Hellen aliipokea, akaiweka sauti kubwa.

"Hongera, shemeji," Ezroni alisema. "Kweli nasema. Baba angefurahi."

"Asante, shemeji."

Wakasalimiana ya watoto na ya kazi. Kisha zikasikika mashine za mgodi nyuma ya Ezroni.

"Shemeji, nikuulize wewe, maana wewe ndiye unayezijua hizi nyuso. Namwota baba. Anakuja, anakaa, lakini uso hana. Nikiutafuta siupati. Hebu niambie mwishoni alikuwaje. Alionekana ametulia, au alikuwa na maumivu? Niambie tu, nitaweza."

Hellen alifungua mdomo. Nyuso alikuwa anazijua kweli, za wageni wengi asiowajua majina, namna kila mmoja alivyofumba macho.

"Shemeji," alisema, "mimi baba sikuwahi kumwona uso. Hata siku moja."

Hellen akamnyooshea mumewe simu. Gwamaka aliitazama, kisha akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka karibu na mdomo.

"Kaka," alisema. "Alikuwa amelala tu. Mimi ndiye niliyemlaza kwenye jeneza, nilimwona vizuri. Uso wake ulikuwa uleule, umetulia kabisa, kama anataka kutabasamu. Mzuri, kaka. Baba alikuwa mzuri."

Ezroni alianza kulia kule Solwezi, kilio cha mtu aliyepewa kitu. Gwamaka aliendelea, akamweleza nyusi, akamweleza ndevu zilivyochanwa, mikono ilivyopangwa kifuani, na machozi yalikuwa yanamshuka. Hellen, ambaye kwa kazi yake alijua vizuri uso unakuwaje siku ya tatu katika joto la Kyela, alimchukua Doreen akaingia naye ndani, akamwacha mumewe aseme.